Upepo wa Fremu ya Kati

Jumatatu, 12 Januari

Tumepoteza upepo. Jumamosi, tarehe kumi, baada ya alasiri, mafundi wa Sudi walipopanga tofali la mwisho kwenye uchochoro. Jana sikuandika, nilidhani nimezidisha. Sikuzidisha.

Asubuhi kama kawaida. Nimefagia ua, nimetandika mikeka miwili, nimegawa kazi. Watu saba pamoja na mimi, kila mmoja na kanzu yake, shingo na kifua cha kudarizi. Oda za Idi zimeshaanza kuingia. Kufika saa tano kila mtu ameshika kitambaa cha kujifutia badala ya sindano. Tumehamia ndani, ukumbini. Ndani kuna feni lakini hakuna mwanga. Darizi yetu ni uzi mweupe wa hariri juu ya kitambaa cheupe. Chini ya taa ya umeme huoni sindano ilipopita. Tumerudi nje.

Saa saba Veronika amedondosha tone la jasho kwenye kifua cha kanzu ya bwana harusi mmoja wa Pangani. Tone moja. Hariri ikinywa jasho inageuka manjano na haitakati tena. Kazi yote tumeifumua.

Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia.

Jumatano, 14 Januari

Niandike hali ilivyokuwa, nisije nikaambiwa naota.

Nyumba yangu iko nyuma ya kiwanja cha Sudi, hapa Ngamiani. Pale mbele palikuwa na nyumba mbili za zamani na katikati yao uchochoro. Upana futi saba, niliupima mwenyewe siku niliyokuja kutazama nyumba. Watu walinicheka, ati nanunua ua mkubwa wenye nyumba mbovu. Mimi nilikuwa nanunua ule uchochoro. Kaskazi inatoka baharini, inakatiza mitaa, inafika pale inabanwa, na upande wangu inatokea ina nguvu kuliko ilivyoingia. Mchana wa Januari ilibidi ukalie pindo la kitambaa lisipeperuke.

Sasa Sudi kazinunua zote mbili, kavunja, kapandisha jengo la ghorofa kutoka mpaka hadi mpaka. Chini fremu tano za maduka, zinatazama barabarani. Nyuma ukuta mmoja mrefu usio na hata dirisha, unanitazama mimi. Upepo unaugonga, unapanda, unapita juu ya kichwa changu. Nauona kabisa. Mnazi wa jirani unatikisa makuti, na uzi niliotundika kwenye msumari hapa uani umenyooka kama umefungiwa jiwe.

Kivuli je? Jengo refu si linatoa kivuli? Mwezi huu jua linapita kusini. Kivuli chote kinaangukia barabarani, kwa wateja wake. Kwangu linabaki joto la ukuta.

Nimekasirika. Basi.

Jumamosi, 17 Januari

Nimemwendea Sudi.

Sudi ni mtoto wa shangazi yangu. Binamu. Na kwetu binamu ni mtani wako tangu mnapojifunza kusema hadi mmoja wenu anapozikwa, na pale makaburini aliyebaki bado atamtania aliyelala. Yeye ananiita mke wangu. Mimi namwita mume jina. Hatujawahi kuzungumza vingine.

Nimemkuta anahesabu mifuko ya saruji. Nikamwambia amenizibia upepo.

"Mke wangu, ukinikosa mimi hata hewa huipati?"

Mafundi wakacheka. Ulimi ukanitoka wenyewe: "Kukukosa wewe nimezoea miaka ishirini uliyokaa ng'ambo, mume jina. Hewa ndiyo mpya."

Wakacheka zaidi. Fundi mmoja kaweka chini karai ili acheke vizuri. Nimerudi nyumbani nimeshinda utani na sina upepo.

Jumanne, 20 Januari

Ametuletea zawadi. Sitanii.

Kajenga kibaraza cha saruji chini ya ule ukuta wa nyuma, upande wangu, kirefu, watu kumi wanakaa. Kakisakafu vizuri, kakipaka rangi. Anasema kwa sababu tunakaa chini kwenye mikeka kama watu wasio na wenyewe. Anasema huko alikokuwa, kwenye mji wa baridi alikoendesha basi miaka yote hiyo, hakuna mahali pa thamani kama chini ya ukuta unaotazama kusini, uliofungwa huku na huku. Watu wanapagombania. Wazee wanatoka na magazeti yao.

Tumejaribu kukaa, kwa heshima yake. Veronika kainuka kabla hajakaa sawasawa. Shangazi, mama yake Sudi mwenyewe, ambaye hudarizi nasi kila siku na katika sisi hakuna mwenye mkono mwepesi kama wake, kakitazama kile kibaraza kwa muda. Halafu kaenda kuleta muhogo wake aliokuwa amemenya, kauanika juu yake.

Sudi kaona. Kacheka hadi machozi. Kadhani mama yake naye anatania.

Ijumaa, 23 Januari

Makopa ya Shangazi yamekauka tayari. Yanalia kama vigae. Sijawahi kuona muhogo kukauka upesi hivyo.

Baada ya sala Sudi kaja kula wali kwangu, na kwa mara ya kwanza kanieleza kitu kwa utulivu, kwa sababu kilimhusu yeye. Kituo chake cha basi kilikuwa kati ya majengo mawili marefu yaliyoachana kidogo. Mwanya tu, kama uchochoro wetu. Upepo ulikuwa unashuka toka juu ya yale majengo, unaingia kwenye ule mwanya, unakata masikio. Mwaka wake wa kwanza alidhani anakufa. Akajifunza kutembea kwa kufuata majengo yaliyoungana. Akiona nyumba mbili zimeachana, anavuka barabara. Baadaye, anasema, wakubwa wa mji wakawa hawamruhusu mtu kupandisha jengo refu mpaka kwanza wajue upepo utakwenda wapi, watu wa chini wasije wakaganda kituoni. Wanapinda njia makusudi ili upepo uchoke. Wanafunga uwanja pande tatu, wanaacha ule wa jua.

Nilimsikiliza vizuri sana. Mtu huyu anajua jengo linahamisha upepo. Anajua kuliko mimi. Kila alichonijengea hapa ni kitu kizuri, kwa watu wenye baridi.

Niliposema hivyo akaniambia, "Mke wangu umenenepa, ndiyo maana unasikia joto."

Wali wangu kaumaliza.

Jumatatu, 26 Januari

Leo wawili hawakuja. Wamechukua kazi wakafanyie makwao. Siwalaumu. Lakini kwao hakuna wa kuwageuzia kanzu nyuma.

Hili ndilo la kwetu. Kila jioni kazi inageuzwa. Nyuma ya darizi lazima pawe safi kama mbele, hapana fundo, hapana uzi unaoning'inia. Nilijifunza peke yangu. Nilitoka kwa mume nikiwa na watoto wawili na kanzu moja kuukuu ya marehemu baba. Nikaifumua uzi mmoja mmoja nione waliupitishaje, nikaidarizi upya, nikaifumua tena. Mara ngapi sikumbuki. Hakuna aliyenifundisha, hakuna aliyenikopesha, hakuna aliyeninunulia hata sindano. Leo wanaume wanaagiza kwangu kutoka Pangani, Muheza, Mkwaja, hata ng'ambo ya mpaka Mombasa. Wanaijua kanzu yangu kwa kugeuza shingo na kutazama nyuma.

Kazi hiyo haifanyiki chumbani mtu peke yake. Inafanyika uani, kwenye mwanga, watu bega kwa bega, mmoja akikosea mwenzake anaona. Na uani bila upepo hapakaliki. Wale wawili wakizoea kwao, wengine watafuata. Ramadhani ikiingia, mtu amefunga, hanywi maji, nani atakaa hapa? Sitapoteza Idi moja tu. Nitapoteza ua.

Mjumbe wa mtaa nimemuuliza. Kasema kiwanja ni cha Sudi, vibali anavyo. Kweli anavyo. Sikuja kutafuta kosa.

Jumanne, 27 Januari

Leo nimefurahi. Niandike upesi.

Mafundi wametoboa ukuta wa nyuma wa fremu ya kati ili wapitishe tangi la maji. Tundu kubwa kama mlango. Mbele fremu bado hazina mageti. Kwa hiyo kutoka barabarani hadi kwangu njia ikawa moja, wazi.

Nilikuwa nimeinama nikakata uzi kwa meno. Nikasikia kitu shingoni. Nikatazama msumarini. Uzi umelala. Umelala kabisa, kama mshale, unaelekeza kusini.

Veronika kakunja kitambaa chake cha jasho kakiweka chini ya goti. Shangazi kaanza kuimba kwa pua, ule wimbo wa wanawake wa Kidigo anaouimba sindano ikimwendea vizuri. Tumefanya kazi ya siku mbili kwa mchana mmoja. Kazi imegeuzwa jioni, sikukuta fundo.

Si lazima avunje jengo, basi. Hata ghorofa asiiguse. Fremu moja tu ikae wazi mbele na nyuma. Nimepima lile tundu likipanuliwa mpaka kwenye kuta zote mbili za fremu: futi nane. Zaidi ya uchochoro wa zamani.

Jumatano, 28 Januari

Wameziba. Tangi lilipita, wakaziba asubuhi kabla hatujatandika mikeka.

Nimekwenda moja kwa moja. Nimemwambia Sudi, mbele ya mafundi, nataka kupanga fremu ya kati. Nitalipa kodi kama mpangaji mwingine yeyote, kila mwezi, mbele. Sitaki geti wala ukuta wa nyuma. Sitaweka kitu ndani. Iwe tupu.

Akanitazama. Nilidhani ameelewa.

"Jamani njooni msikie. Mke wangu anataka kupanga upepo."

Sasa mtaa mzima unajua. Muuza maji kanipigia kelele toka ng'ambo ya barabara kama nina chenji ya upepo. Nilipokwenda kununua vifungo, mwenye duka kaniuliza ninauuza kwa kilo au kwa mita.

Nimejibu wote. Mdomo haukunipungukia. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa chooni kwa muda mrefu kwa sababu ni pahali pekee pasipo na watu. Nilikwenda na heshima yangu mkononi, kodi kamili, nikageuzwa kichekesho. Na yeye hakukusudia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Hata matusi ningejua pa kuyaweka.

Jumamosi, 31 Januari

Nimefikiri sana. Nimemweleza mara tatu. Mara zote tatu kasikia utani. Ningelia mbele yake angesema naigiza. Ningempeleka barazani kwa mwenyekiti angekuja amevaa shela kunichekesha. Binamu hana mlango wa kumwingilia kwa mambo mazito; mlango huo hatukuujenga, na sisi wawili tuna umri wa kuwa na wajukuu.

Nikaenda kwa Shangazi. Shikamoo, marahaba, chai. Nikamwomba aseme na mwanawe.

"Mimi sisemi kati ya watani," kaniambia. "Leo nikisema, mtakuwa mmegombana kweli. Nitakula kwa nani? Kwake nalala, kwako nakaa."

"Shangazi, lakini na wewe joto unalisikia."

"Nalisikia, mwanangu. Ndiyo maana kesho siji."

Kazi yake kairudisha kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa vizuri, sindano imechomekwa kwenye karatasi. Nimeipokea.

Jumatatu, 2 Februari

Mwingine mmoja naye kachukua kazi kwao. Tumebaki watatu uani.

Veronika kaniuliza kwa nini natazama ukuta. Veronika kwao ni mbali. Babu yake aliletwa kukata mkonge, wakabakia, yeye kazaliwa kambini, Jumapili yuko kanisani. Kaja kwangu hajui kushika sindano, leo vifungo vyote vya kanzu ni yeye. Si ndugu yangu. Si ndugu yake Sudi.

Hapo hapo nikashtuka. Si ndugu yake Sudi. Hawezi kumtania.

Nikamwomba aniendee kwa Sudi. Kasema yeye hajui kusema na wakubwa. Nikamwambia ndiyo maana. Akavua mtandio wa kazi, akajifunga kitenge kizuri, akaenda kama mtu anayepeleka posa. Maneno nilimpa machache, kwa jina langu: Zaituni anasema hatanii. Anataka fremu ya kati ibaki wazi, atailipia kodi. Anataka jibu.

Karudi baada ya nusu saa. Nikamuuliza alisemaje.

"Kwanza alicheka. Mimi sikucheka. Akanikaribisha kiti."

"Halafu?"

"Akaniuliza, amekasirika kweli? Nikamwambia, baba, hakunituma nije nicheke."

Nimemkumbatia. Sijui kama anajua kazi aliyoifanya ni kubwa kuliko vifungo vyote.

Jumatano, 4 Februari

Sudi amekuja. Kabisha hodi. Miaka yote haingii kwangu na hodi, anaingia na kelele.

Kasema, "Zaituni."

Nilistuka. Jina langu mdomoni mwake lilikuwa kama la mtu mwingine. Nikamkaribisha. Kakaa pembeni ya mkeka, mchana, jua likiwa juu ya ule ukuta wake. Sikumhamisha. Jasho likaanza kumtoka kwenye kipara, likapita shavuni, likadondoka kwenye shati. Kakitazama kibaraza chake. Juu yake makopa mapya ya mama yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekwambia mara tatu."

"Ulisema kwa utani."

"Wewe ndiye uliyesikia kwa utani."

Halafu kaeleza yake, na mimi niandike haki: fremu ya kati ndiyo nzuri kuliko zote, muuza simu ameshaipigia hodi, na wote wanaitaka hiyo. Yeye naye hakuletewa fedha na mtu. Ni usukani miaka ishirini, usiku, kwenye theluji. Namwamini. Ndiyo maana sikutaka bure. Nikamwambia kodi atakayolipa muuza simu, nami nitalipa hiyo hiyo. Lakini muuza simu anaweza kwenda fremu ya pili. Upepo hauwezi, mitaa unayokatiza sikuipanga mimi, unapita pale pale ulipokuwa unapita.

Akaomba tuzungumze baada ya Idi.

Hapana. Fundi chuma anafunga mageti Jumamosi hii. Geti likishachomelewa, baada ya Idi tutakuwa tunazungumza habari ya kubomoa, na kubomoa sitaomba. Nimempa mpaka Ijumaa, saa nane mchana, akitoka msikitini. Nimemwambia nataka neno moja, na akija na utani nitalihesabu ni hapana.

Kainuka. Mlangoni kageuka, mdomo ukafunguka. Nikajua ilikuwa inakuja ile mke wangu yake. Ikarudi ilikotoka.

Nimesikia huzuni kidogo. Niandike na hilo.

Ijumaa, 6 Februari

Asubuhi. Nimetandika mikeka miwili, kama zamani, ingawa mmoja ungetosha. Veronika amefika. Baada yake Shangazi, bila kutuma habari. Kasema sabalkheri, kakaa mahali pake, kavaa miwani, kanyoosha mkono nimpe mfuko wake. Nimempa.

Uzi uko msumarini. Umenyooka.

Nina kanzu ya Sudi mapajani. Aliiagiza ya Idi kabla ya haya yote, na alitaka shada refu la nyuzi shingoni, apate kuringa. Jana usiku niliwaza niiweke pembeni nione kwanza. Asubuhi nimeona aibu. Kazi yangu haimwadhibu mtu. Akikataa ataivaa, akikubali ataivaa, na watu watageuza shingo yake wajue imetoka kwenye ua gani. Upande wa kulia nimemaliza. Nimeugeuza nyuma. Hapana fundo.

Natandaza kitambaa chini ya mkono, nakwenda polepole. Kwenye jengo leo kimya, mafundi wamekwenda kuoga wawahi msikitini. Fremu tano zimekaa wazi upande wa barabara, na huku kwangu ukuta.

Saa nane, Sudi. Si baada ya alasiri, si ukishakula. Fremu ya kati: wazi, au geti? Usiniite mke wangu kwanza. Niambie.